Mfumo wa kompyuta wodini: makosa ya dawa yanapungua au yanahama?

Muuguzi_wa_Zamu
Habari za kazi, wenzangu. Ninahudumu katika wodi ya watoto ya hospitali ya wilaya, Tanzania. Mwaka jana daktari aliandika kwa mkono insulini vipimo 4, na herufi U, kifupi cha "units" yaani vipimo, ikakaa karibu mno na tarakimu, nami nikasoma 40. Nilikuwa nimekwisha kuvuta dawa kwenye bomba la sindano ndipo mwenzangu aliponiuliza mbona ni nyingi hivyo kwa mtoto wa miaka 6. Mtoto hakudhurika, lakini hadi leo nikishika bomba mkono husita. Sasa tumeletewa mfumo wa kompyuta, ambapo daktari anaandika dawa na famasi inaiona papo hapo. Je, kwenu makosa yamepungua kweli? Tudai nini kabla ya kuziacha kadi za karatasi?

Mfamasia_Pwani
Pole sana, na mshukuru huyo aliyekuuliza. Kosa lako lilitokana na mwandiko, na hilo ndilo mfumo unaloliondoa vizuri zaidi, kwa kuwa neno "vipimo" huandikwa kwa ukamilifu na dozi huchaguliwa. Katika hospitali ya Brigham and Women's, Boston, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba makosa makubwa ambayo hayakunaswa mapema yalipungua kwa asilimia 55 baada ya madaktari kuanza kuandikia dawa kwenye kompyuta. Hata hivyo kompyuta ya daktari haifiki kitandani. Hospitali hiyohiyo ilipoanza kusoma kwa mashine msimbopau (ile mistari ya utambulisho) wa dawa na wa bangili ya mgonjwa, makosa ya kumpa mgonjwa dawa, ukiacha yale ya muda, yalipungua kwa takriban asilimia 41, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2010.

Daktari_Kijijini
Nakubaliana na mfamasia, ila makosa mengine huzaliwa na mfumo wenyewe. Ukiandika herufi chache za mwanzo, orodha inakuletea dawa ya kifafa, kabamazepini, jirani kabisa na kabimazoli ya tezi ya shingo, na kidole kilichochoka saa nane za usiku hakitofautishi. Dawa za namna hiyo ziombeeni sehemu zinazotofautiana ziandikwe kwa herufi kubwa. Maonyo nayo yachujwe: onyo likijitokeza kwa kila dawa, sisi madaktari hulifunga bila kulisoma, kisha lile la mzio wa penisilini linapita vilevile.

Matroni_Mstaafu
Mwanangu, kwa watoto anza na uzito. Mfumo ukatae kutoa dozi mpaka uzito wa siku hiyo uingizwe kwa kilo, kwani hesabu sahihi iliyofanywa juu ya uzito wa kubahatisha ni kosa lenye sura nzuri. Kila mmoja aingie kwa neno lake la siri, hata kama foleni ni ndefu. Halafu ipo siku umeme utakatika: kila mwanzo wa zamu chapeni orodha ya dawa za wodi, na insulini iendelee kuhakikiwa na watu wawili kwa macho yao.

Muuguzi_wa_Zamu
Ahsanteni sana, na shikamoo matroni. Mizani yetu iliazimwa na kliniki ya watoto tangu mwezi uliopita, na uzito tunaouandika ni ule anaoutaja mama. Kesho asubuhi, kabla sijakabidhi zamu, nitaifuata mwenyewe.