Tupeane uzoefu: waliokimbia na waliopokea wakimbizi, Kigoma na Tabora

Wakuu, salaam. Mimi ni wa Kasulu. Tangu nipate akili wageni wanavuka tu: Warundi wa 1972, Warundi wa 1993 Rais Ndadaye alipouawa, Wakongo wa 1996 waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu, kisha Warundi tena 2015. Naomba tusimuliane: uliondokaje, ulipita wapi, na kwa nini wengine hukimbia mara ya pili?

Mvuvi wa Kagunga: Mwezi wa tano 2015 nilikuwepo. Kagunga ni kijiji cha mpakani na Burundi: nyuma ni mlima, mbele ni Ziwa Tanganyika. Maelfu walilala ufukweni, wanakunywa maji yale yale wanayoogea, kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ilikuwa inasimama mbali, mitumbwi inawapeleka. Mama mmoja alikuja na sufuria, godoro na watoto, mume kabaki kulinda shamba. Risasi hakuisikia hata moja. Vijana wa chama tawala cha Burundi walipita mtaani kwao na orodha ya majina, usiku ule ule akaondoka.

Mtoto wa Fizi: Sisi tulivuka kwa boti 1996, vita ilipoingia Kivu Kusini, kule Kongo. Babu alikuwa anafanya biashara ya dagaa na Kigoma, jamaa tunao Ujiji. Njia ya biashara ndiyo tuliyokimbilia.

Mama Ulyankulu: Wazazi wangu walikimbia 1972, jeshi la Burundi lilipokuwa likiwasaka Wahutu, hasa waliosoma. Wakaletwa huku Tabora, pori tupu, wakapewa mashamba. Nimezaliwa hapa, tumbaku ndiyo iliyonisomesha, na sasa nina cheti cha uraia. Kaka yangu yeye alichagua kurudi 2009. Kufika Rumonge, kule Burundi, shamba la baba lina michikichi ya mtu mwingine, tena ana karatasi za serikali. Alihangaika na ile kesi miaka, akiishi kwa kukodi. 2015 alivuka tena, akaishia kambi ya Nduta, Kigoma.

Mleta mada: Pole sana mama. Hapo ndipo penye kiini. Wapo wanaosema hawa wanafuata chakula cha bure, na inaniuma, maana mgao umeshapunguzwa na bado watu wanaogopa kurudi. Vita ikiisha, ardhi inakuwa na mwenyewe mwingine. Kama kuna aliyerudi Burundi akalipata shamba lake, tafadhali atueleze alianzia ofisi gani na alikwenda na ushahidi gani.