Mjadala: Mkristo mwenye sonona aambiwe "Neno linatosha" au apelekwe Mirembe?

Mleta mada (Dodoma mjini)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe, na wasio wa upande huo salaam zenu.

Nina hoja, naomba tuijadili bila matusi. Hapa Dodoma ukitaja Mirembe watu hucheka, au hunyamaza. Hospitali ile ipo tangu miaka ya 1920 na inapokea wagonjwa wa akili kutoka nchi nzima, lakini sisi majirani zake ndio tunaoigeuza tusi: "huyo wa Mirembe huyo". Ukiweka na mahubiri juu yake, mtu mwenye sonona anakosa pa kushika.

Kwenye kundi letu la kujifunza Biblia (sisi ni Waanglikana, tunakutana Alhamisi jioni) dada mmoja alifungua zipu ya kava la Biblia yake kutafuta kalamu. Kikadondoka kibahasha cha dawa, vile vya karatasi vinavyoandikwa kwa peni, 1x1 usiku. Akakiokota haraka akakikalia. Kilikuwa kimejaa. Baadaye akanieleza kwamba mtumishi mmoja aliyemwendea kuombewa alimwambia achague: Neno au vidonge. Akachagua Neno. Alipokuwa ananieleza, usingizi ulikuwa umeshamkimbia na kazini ameomba ruhusa mara ya pili.

Mimi naamini Maandiko yanatia nguvu. Warumi 15:4 iko wazi: kwa saburi na faraja ya maandiko tupate kuwa na tumaini. Nisingeongoza kundi la Biblia kama siamini hilo. Ninachokataa ni kuyabebesha Maandiko kazi ambayo yenyewe hayakuomba.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli kuwashinda manabii wa Baali, Yezebeli anamtishia, anakimbia nyikani, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Hapo Mungu hakumpa fungu la kukariri. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kwake. Ile sauti ndogo ya utulivu ilimfikia Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Wahubiri wetu wanaruka mkate na usingizi, wanatua kwenye sauti.

Halafu kuna Zaburi ya 88, ambayo sijawahi kuiona kwenye "andiko la siku" la kundi lolote la WhatsApp. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Hakuna mstari wa mwisho wa "lakini nitamsifu". Mgonjwa akiisoma anajua kuna mtu aliyewahi kusali akiwa katika hali kama yake, na sala ile haikutupwa, iko kwenye Biblia. Mimi nguvu ya Maandiko naionea hapo. Mtu ambaye hata kuoga kumemshinda ukimtumia Wafilipi 4:13 kila asubuhi, "nayaweza mambo yote", unamwongezea deni.

Naomba kuwasilisha.

Mtumishi (Kongwa)

Mleta mada, amani ya Kristo. Umeandika vizuri ila umeandika nusu.

Zaburi 107:20 inasema hulituma neno lake, huwaponya. Haikusema huwafariji tu. Na 2 Nyakati 16:12 inamhukumu mfalme Asa: alipougua miguu hakumtafuta BWANA, bali waganga. Hiyo nayo ni Biblia, usiiruke kama unavyotushtaki sisi kuruka mkate wa Eliya.

Mimi nimekunywa gongo miaka mingi. Nililazwa, nikatoka, nikarudi kilabuni. Kilichonikamata ni Zaburi ya 40. Mzee mmoja tuliyekuwa tunapalilia naye mtama alikuwa ananisomea tukikaa kivulini, fungu lilelile kila siku: akanipandisha toka shimo la uharibifu, toka udongo wa utelezi. Nilimchukia yule mzee. Nilimwambia abadilishe, hakubadilisha. Nikaijua kwa moyo bila kupenda, na siku niliyotetemeka usiku peke yangu ndiyo iliyokuja mdomoni. Sikuwa na kidonge, nilikuwa na hiyo. Sasa mnataka nisimame mbele ya watu niseme Neno halitoshi?

Na vijana wa siku hizi wanasoma dalili kwenye simu, wanajiandikia sonona wenyewe. Akiachwa na mchumba, sonona. Akifeli, sonona.

Kijana wa chuo

Mtumishi, mchumba akikuacha wiki ya mitihani ndipo utajua 😂 Ila kwa umakini: kwetu hosteli mtu akisema hajisikii vizuri anaambiwa afunge siku tatu. Mtu ambaye tayari hali!

Muuguzi (Dodoma)

Shikamooni wakubwa. Nipo afya ya akili, naomba niseme ninayoyaona bila kutaja mtu.

Wengi wanatufikia wakiwa wamechelewa. Wameanzia kwa mganga wa kienyeji, wakapelekwa kwenye maombi, sisi tunakuwa wa tatu, na hela imeshaisha. Simlaumu anayeomba. Tatizo linaanza mgonjwa anapoambiwa aache dawa.

Dawa nyingi za sonona haziondoi hali siku ile kama panadol inavyoondoa kichwa. Huchukua wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi, ndipo mtu aanze kuona nafuu. Madhara yenyewe hayasubiri: mdomo kukauka, usingizi mzito, tumbo kuvurugika, siku za mwanzo tu. Kwa hiyo wiki ya kwanza mgonjwa ana madhara na hana nafuu. Hapo ndipo anapoambiwa "unaona, hazisaidii". Na aliyekuwa amezizoea akiziacha ghafla anapata kizunguzungu, hofu, usiku halali. Nyumbani wanasema pepo limeamka.

Jambo la pili ambalo watumishi hamlijui: sonona inakula umakini. Mtu anasoma mstari mmoja mara tano haujamwingia. Ukimpa agizo la sura tatu kila siku atashindwa, na kushindwa kwake atakuhesabu kuwa Mungu amemkataa. Nimemsikia mama mmoja akisema hivyo wodini. Siku hiyo nilimsomea mimi, mistari michache, yeye akiwa ameangalia ukutani. Sikumwuliza swali lolote.

Kwa hiyo Mtumishi, yule mzee wako wa mtama alifanya sawasawa. Alikusomea yeye, hakukwambia ukasome.

Mzee wa kanisa (Mvumi)

Marahaba wanangu. Mimi ni wa Mvumi, hospitali yetu ni ya Dayosisi ya Central Tanganyika. Daktari Paul White wa Australia alitibu hapa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengine wengi baada yake. Waliotuletea Biblia ndio waliotujengea wodi, wala hatukusikia kwamba vitu hivyo vinagombana. Huu ugomvi ni wa juzi.

Nyongeza: mama yangu hakujua kusoma. Neno lake lilikuwa kwenye nyimbo za Kigogo za kanisani, na alikuwa anaziimba akisaga. Tukisema "kusoma Maandiko" tuwakumbuke na hao.

Mleta mada

Asante Mzee. Nirudi kwa Mtumishi, maana Asa ameletwa na ni halali aletwe.

Soma sura ile kutoka juu. Asa amechukua fedha na dhahabu ya nyumba ya BWANA akamkodi mfalme wa Shamu. Mwonaji Hanani akamkemea, Asa akamtia gerezani, akawaonea na watu wengine. Ugonjwa wa miguu unakuja baada ya hayo yote. Kosa lake ni kwamba alishaacha kumsikiliza Mungu zamani, akaugua bila kugeuka. Tabibu hakushtakiwa popote.

Mweke kando ya Hezekia, Isaya 38. Huyu alilia kwa BWANA na akapewa neno lenyewe, tena lenye namba: miaka 15 ya nyongeza. Kama kuna mgonjwa ambaye neno lingemtosha bila kingine, ni yeye. Isaya yuleyule aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini ubandikwe juu ya jipu. Hakuona kwamba tini zinaitukana ahadi.

Ushuhuda wako sina la kuupinga, umenigusa. Ila Zaburi ya 40 ilikutoa kwenye gongo, haikukupa mamlaka juu ya dozi ya dada wa watu. Na ukumbuke Mathayo 4: aliyemnukulia Yesu Zaburi ya 91, kwamba malaika watakuchukua, jirushe tu, alikuwa Shetani. Fungu lilikuwa la kweli kabisa.

Mtumishi (Kongwa)

Hapo kwa Shetani umenipiga vibaya, lakini nakubali hoja ipo. Hezekia nitakwenda kumsoma tena.

Mimi sijawahi kumwambia mtu aache dawa. Ila mtu akija mwenyewe Jumapili kushuhudia kwamba ameacha na Mungu amemponya, nimnyang'anye maiki? Siwezi kuuzima moyo wa mtu anayemshukuru Mungu.

Mleta mada

Usimnyang'anye. Lakini wewe na mimi tunajua anayeshuhudia ni yule aliyeacha wiki mbili zilizopita. Ambaye hali imemrudia mwezi wa tatu hashuhudii, anaacha kuja ibadani. Kwa hiyo kanisa linasikia upande mmoja miaka nenda rudi, na wenye vibahasha kwenye kava za Biblia wako viti vya nyuma wanasikiliza.

Muuguzi (Dodoma)

Mpeni maiki, Mtumishi. Akimaliza tu, mwulize hapohapo mbele ya watu: kliniki unarudi lini?