Nashuka Kibirizi betri imejaa, breki hazirudishi chaji. Gari bovu au mimi?

Mama Migebuka, Kigoma
Wakuu, shikamooni. Niliuza kirikuu changu nikachukua gari la umeme, Nissan e-NV200 iliyotumika Japani, ile ya betri ya uniti 24. Dalali alinipamba: "Mama, Kigoma milima mitupu, breki zenyewe zitakuchajia." Miezi 3 sasa naisubiri hiyo chaji ya bure.

Nakaa Gungu. Saa 2 usiku nachomeka gari betri ikiwa robo, kwa ekstensheni inayotoka soketi ya sebuleni. Saa 10 alfajiri nachomoa imejaa, nateremka Kibirizi gari tupu kuwahi mitumbwi ya dagaa, halafu napanda na magunia, kilo 500 na kitu, hadi sokoni Mwanga. Gia naweka B, ile ya kuongeza kurudisha chaji, kama nilivyoelekezwa. Lakini nikishuka, mshale wa kurudisha chaji umelala tu, na breki lazima niikanyage kwelikweli. Cha ajabu, juzi umeme ulikatika usiku, nikatoka na asilimia 78, mshale ukacheza!

Halafu plagi inapata moto. Jana ilinuka, nikakuta tundu moja la ekstensheni limekuwa kahawia kama andazi lililosahaulika kwenye mafuta.

Fundi Waya
Mama, mwakeye. Hiyo ekstensheni itupe leo, kabla hujasoma mengine. Je, ulikuwa unaiacha imeviringishwa?

Mama Migebuka, Kigoma
Nusu yake, ndiyo. Ni ndefu.

Fundi Waya
Ndiyo imekuponza. Waya uliojiviringisha hauna pa kutolea joto, na gari si pasi ya dakika 10, linavuta umeme mwingi saa 8 mfululizo. Soketi ya kawaida ikitoa ampia 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Robo hadi kujaa unahitaji kama uniti 18, ndiyo maana usiku mzima unaisha. Vuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa mm 4, na swichi yake ya kujikata na ethi (waya wa ardhini) ya kweli, si ile ya kuchomeka msumari kwenye mchanga. Ila usimruhusu mtu akudanganye kwamba waya mnene utamaliza kwa saa 1. Chaja iliyo ndani ya gari ndiyo inayoamua. Kama ni ya kilowati 3.3, utapunguza hadi saa 6 hivi, basi.

Kuhusu breki, gari lako zima. Ukiachia pedali ya mafuta (nimezoea kusema mafuta), mota inageuka jenereta na umeme unarudi kwenye betri. Betri ikiwa imejaa haupokelewi. Gunia lililoshonwa mdomo huliongezei dagaa. Kwa hiyo breki za kawaida zinafanya kazi peke yake, ndiyo maana unakanyaga zaidi. Asilimia 78 palikuwa na nafasi. Chomoa ikifika 85.

Lakini usitegemee utajiri. Hesabu ni hii: kilo mara mita unazoshuka, gawanya kwa 367,000, unapata uniti. Gari tupu na wewe ndani, tuseme kilo 1,700, mteremko tuseme mita 50: haifiki robo uniti. Ukirudishiwa nusu yake una bahati. Kwa LUKU ya nyumbani, ambapo elfu 10 inakupa uniti 28, hiyo ni shilingi 40 hivi. Tatizo lako ni kwamba unashuka mtupu na kupanda na mzigo. Anayeshusha maharage kutoka Manyovu gari limejaa, tena mita 500, huyo ana uniti 3 mkononi kabla ya hasara za njiani. Dalali alikuuzia mlima wa mtu mwingine.

Miguu Mitatu, Tabora
Huku kwetu mlima ni tuta la barabarani 😂 Mimi nabeba maji na soda kwa guta la umeme, Isevya hadi Ng'ambo, halina hata huo mfumo na sijaukosa. Kilichonisaidia ni kuchaji mchana ninaposubiri oda. Mama, ukishusha magunia Mwanga huwa unakaa muda gani?

Mama Migebuka, Kigoma
Saa 2, wakati mwingine 3. Wanahesabu, wanabishana, wanahesabu tena.

Fundi Waya
Saa 2 ni uniti 4 na nusu. Breki zako hazitakupa hizo kwa mwezi mzima.

Mama Migebuka, Kigoma
Mwenye fremu jirani ana soketi, nitaongea naye tugawane LUKU. Leo nimetoka na 84: mshale umecheza hadi nafika chini Kibirizi, na mguu wangu umepumzika kwenye breki. Asilimia ilibaki ileile 84, lakini angalau haikupungua. Wiki ijayo ni mbalamwezi, mitumbwi haiingii ziwani. Fundi, njoo na huo waya wa mm 4, na uniambie mapema ni mita ngapi, duka la hapa hawakati waya kwa kukisia.