Shirika la hisani kumlipa msanii anayelitangaza: ni sawa?

Bin Mzee: Wakuu, kuna shirika la yatima nalichangia kila mwezi kwa simu. Nimekuja kujua kuwa msanii anayeonekana kwenye mabango yao kambeba mtoto, analipwa. Mimi nilitoa hela ya unga na madaftari. Hii ni haki?

Kipanga: Si haki hata kidogo. Mwaka 2006 Barcelona walivaa jina la UNICEF kifuani, na wao ndio waliolipa, euro milioni 1.5 kwa mwaka! Wasanii wetu njaa tupu, hata kwa yatima wanadai advansi.

Mama Zuhura: Hiyo "njaa tupu" uifute. Mwanangu anapiga kinanda. Akiitwa kwenye harambee, mwenye turubai kalipwa, mpishi kalipwa, spika zimekodiwa. Yeye peke yake ndiye anaambiwa atapata thawabu kwa Mungu.

Kipanga: Mama, shikamoo, lakini mwanao si maarufu. Hatumsemi yeye.

Mama Zuhura: Umesema "wasanii wetu". Huyu ni wa nani?

Mkude: Kipanga, malizia hiyo hadithi. Mwaka 2011 Barca waliuza kifua hicho hicho kwa Qatar Foundation, taasisi ya huko Qatar, karibu euro milioni 30 kwa mwaka, UNICEF wakahamishiwa mgongoni. Pesa ya maana ilipokuja, watoto walipisha.

Kipanga: Chuki za Madrid hizo. Jina halikufutwa, lilihama tu.

Mkude: Mimi ni Simba, Ulaya sina timu. Jibu hoja.

Dada Neema: Turudi kwenye mada jamani. Wa kujitolea nao wana bei yao. Scarlett Johansson, mwigizaji wa Marekani, alikuwa balozi wa shirika la misaada la Oxfam, akawa analipwa na SodaStream, kampuni ya mashine za kutengenezea soda, waliokuwa na kiwanda kwenye makazi ya walowezi wa Kiisraeli Ukingo wa Magharibi, Palestina. Oxfam hawakubaliani na biashara hiyo. Januari 2014 akaachana na Oxfam, akabaki na kampuni. Aliye na mkataba unambana kwa masharti. Huyu wa bure utambana na nini?

Bin Mzee: Dada Neema, hapo sawa, lakini mimi mchangiaji nilipaswa kuambiwa. Bango lile linanifanya niamini kijana kaguswa moyoni. Waandike tu kwamba kalipwa, na kiasi gani. Hapo nitaamua mwenyewe.

Mkude: Wakiandika hivyo nani atachanga?

Bin Mzee: Basi wanajua wanachoficha.

Kipanga: Kamati yetu ya madawati hatumlipi msanii yeyote. Nauli na chakula, basi, na wanakuja kwa moyo.

Mama Zuhura: Na fundi wa madawati mnamlipa nauli na chakula?

Kipanga: Fundi ni kazi yake, Mama.

Mama Zuhura: Kinanda ni kazi ya mwanangu. Ana kodi ya nyumba na watoto wawili. Nijibu hilo, hayo ya Barcelona waachie wenyewe.