Fibromialgia: ugonjwa kweli au "mawazo" tu? Na hijama inasaidia?

Baba Wawili Tegeta:
Wadau salaam. Mke wangu ana mwaka wa tatu anaumwa mwili mzima: shingo, mabega, kiuno, mapaja, mpaka nyayo. Akilala usiku kucha anaamka amechoka kama alikuwa anashusha saruji. Taifodi wametibu mara nne, kipimo cha baridi yabisi kimetoka safi, eksirei safi. Hospitali moja daktari alimwambia "mama, punguza mawazo", akalia njia nzima kwenye daladala. Juzi daktari mwingine ndiye katamka fibromialgia, kampa vidonge vya amitriptilini, dozi ndogo ya usiku, na kumwambia awe anatembea kila siku. Mama mkwe, mtu wa Tanga, anasema tunapoteza muda, apelekwe hijama, ile ya kupigwa chuku kwa vikombe. Naomba kujua: huu ugonjwa upo? Na hijama ni tiba au ni kutupa hela?

Kidume cha Kahama:
Pole mkuu. Ila tuambizane ukweli. Bibi yangu alilima ekari mbili za mpunga kwa jembe la mkono, akabeba kuni, akazaa kumi. Hakuwahi kuwa na hiyo fibro nini sijui. Hawa wa siku hizi akiosha sufuria mbili kiuno kikamuuma, anatafutiwa jina la Kizungu. Mnyang'anye simu wiki mbili uone.

Binti Chumbageni:
Wewe Kidume, bibi yako uliwahi kumuuliza? Au ulimwona tu anarudi shamba ukaamua mwenyewe kwamba haumwi? Bibi yetu sisi kila usiku wajukuu tulipeana zamu ya kumkanyaga mgongo. Alikuwa akisema "njooni mnikanyage, leo mwili si wangu." Jina la ugonjwa alikuwa nalo, watu hawakumsikiliza tu.

Fundi Rejeta:
"Leo mwili si wangu." Hiyo naipeleka gereji kila Jumatatu.

Kidume cha Kahama:
Kukanyagwa mgongo ni uchovu wa kazi, siyo ugonjwa. Na bibi yangu asiguswe.

Binti Chumbageni:
Aliyemleta bibi yako humu ni wewe.

Msomi wa Makongo:
Turudi kwenye mada. Mimi nilisoma mahali kuna sehemu 18 mwilini daktari anabonyeza. Ukiumia kwenye 11, unayo. Mpeleke akabonyezwe, ubishi uishe.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu Msomi, hayo ni ya 1990. Tangu 2010 Wamarekani wenyewe walioyaweka hawalazimishi tena kubonyeza. Siku hizi daktari anahesabu maeneo yanayouma, anaangalia uchovu, usingizi usioburudisha, kusahau-sahau, na hali iwe imedumu miezi mitatu au zaidi. Eksirei kutoka safi si ajabu, kwa sababu tatizo haliko kwenye mfupa. Neva na ubongo vimepandisha sauti ya maumivu, na eksirei hupiga picha, hairekodi sauti.
Kwa wale wa "mawazo": 2021 watafiti wa King's College London na Liverpool walichukua kingamwili kutoka damu za wagonjwa hawa wakawadunga panya. Panya wakaanza kuumia wakibanwa kidogo tu. Panya hana mawazo ya ada ya shule.
Baba Wawili, huyo daktari wa pili msikilize. Madaktari wa viungo wa Ulaya walipopitia ushahidi wote, jambo walilolitilia mkazo kuliko yote ni mazoezi, tena ya kuanza polepole. Dawa zinasaidia baadhi tu. Kuhusu hijama, Wajerumani walijaribu vikombe vikavu, vile visivyo na wembe, kwa wagonjwa 141, matokeo yakatoka 2016. Waliowekewa vikombe walipata nafuu kuliko walioendelea na tiba zao za kawaida. Ila kwa maumivu hawakuwazidi wale waliowekewa vikombe feki visivyovuta ngozi.

Mlala Hoi Mbagala:
Vikombe tena?? Nilidhani habari za kikombe tuliziacha Loliondo.

Fundi Rejeta:
Mbavu zangu jamani.

Kidume cha Kahama:
Usicheke Loliondo. Bibi yangu alikwenda Samunge 2011, akalala foleni siku tatu, akanywa kikombe cha dawa ya mchungaji kwa shilingi 500, akarudi anatembea wima.

Binti Chumbageni:
Ngoja kwanza. Si ulisema bibi yako hakuwa anaumwa? Loliondo alikwenda kutalii?

Mlala Hoi Mbagala:
Uzi umekamilika. Msimamizi afunge.

Kidume cha Kahama:
Alikuwa na sukari! Sukari siyo fibromialgia. Mnadandia maneno.

Msomi wa Makongo:
Na kama alinywa mugariga, huo mti wa kile kikombe, akaacha dawa za sukari, hatuwezi kukaa tunacheka. Watu waliacha ARV kwa ajili ya kile kikombe. Mchungaji Mwasapile aliyekuwa akikitoa alifariki 2021, simsemi vibaya marehemu, lakini waheshimiwa waliopanda magari ya serikali kwenda kunywa bado wapo na bado wanatuhutubia habari za sayansi.

Fundi Rejeta:
Msomi hapo umeingiza siasa. Mchungaji yule angetaka utajiri angetoza elfu kumi, na watu wangetoa.

Msomi wa Makongo:
Bei ndogo siyo ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Hata maji ya bomba ni bei ndogo.

Mlala Hoi Mbagala:
Ya kwenu labda. Mbagala tunanunua ndoo.

Tabibu wa Mizizi:
Ndugu mleta mada, achana na wabishi. Nina mchanganyiko wa mizizi saba, siku 21 maumivu yote kwisha, vidonge au unga. Njoo pembeni nikupe namba. Nimesajiliwa, siyo tapeli.

Nesi Mstaafu:
Tabibu, sina ugomvi na mizizi, mimi mwenyewe nakunywa mchaichai. Lakini sheria ya tiba asili ya 2002 inakusajili wewe kama mganga, hicho kidonge ni habari nyingine. 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya "asili" vya viungo vilivyokutwa na diklofenaki, dawa ya maumivu ya hospitali, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, bila kuandikwa kwenye kopo. Mtu anapata nafuu siku tatu anashukuru mizizi, kumbe amekunywa steroidi, na akiacha ghafla ndipo anaanguka.

Tabibu wa Mizizi:
Kwa hiyo dawa za babu zetu ni sumu, za Mzungu ndiyo asali? Utumwa wa akili huo, mama.

Nesi Mstaafu:
Diklofenaki ndiyo ya Mzungu, mwanangu. Nauliza inafanya nini ndani ya mizizi ya babu.

Mwana wa Muscat:
Assalaam alaykum. Mimi ni mgonjwa, nina miaka saba na hii maradhi, na nimefanya hijama mara tano. Nisiseme uongo: ile ya kwanza nililala siku mbili kama mtoto mchanga. Siku ya tatu maumivu yakarudi kama mwenye nyumba. Sijutii, ila mtizameni mpiga chuku: awe na glavu, wembe mpya unafunguliwa mbele yako, la sivyo utatoka na homa ya ini. Kilichonifaa hasa ni kutembea ndani ya maji ya bahari hapa Seeb, maji ya kiunoni, dakika kumi tu mwanzo. Nilipoanza na nusu saa niliumwa wiki nzima nikaacha miezi minne. Kaka Baba Wawili, mkeo asishindane na mtu. Na usimwambie "jikaze". Neno hilo linauma kuliko kiuno.

Binti Chumbageni:
Dada wa Muscat, ahsante. Kidume umesoma hapo?

Kidume cha Kahama:
Nimesoma. Mimi sikusema jikaze. Nilisema simu.

Fundi Rejeta:
Turudi kwenye ekari. Mpunga ekari mbili, jembe la mkono, mtu mmoja? Kupalilia alimwita nani?

Kidume cha Kahama:
Alikuwa peke yake.

Msomi wa Makongo:
Haiwezekani. Mimi ni mtoto wa Shinyanga, hapo kulikuwa na watu walioalikwa na pombe imepikwa.

Jogoo la Shamba:
Sijasoma kurasa zote. Mpe tangawizi na kitunguu saumu asubuhi kabla ya kula. Kazi kwisha.

Baba Wawili Tegeta:
Wadau nimerudi. Nimemsomea mke wangu uzi, kacheka sana kwenye kukanyaga mgongo, sasa watoto wameshapangiwa zamu. Jioni tunatembea mpaka duka la kona na kurudi, dakika kumi. Ya Nesi na dada wa Muscat nimeyaandika. Hijama bado, mama mkwe amenuna.

Kidume cha Kahama:
Mkuu, nimempigia mama leo. Anasema bibi alikuwa anakandwa kwa maji ya moto ya chumvi kila usiku, na kuna siku hakuamka kabisa kwenda shamba. Sikuwa najua. Mwambie shemeji pole. Ila zilikuwa ekari mbili.

Mlala Hoi Mbagala:
Moja na nusu.