Kwa nini insulini huchomwa sindano ilhali vidonge vya uzazi wa mpango humezwa?

Mwanafunzi wa uuguzi:
Ndugu zangu, salaam. Mama yangu ana kisukari aina ya pili na mwezi huu ameanzishiwa sindano za insulini. Dada yangu naye humeza vidonge vya uzazi wa mpango. Zote tunaambiwa ni homoni. Mbona moja haimezeki? Je, jambo hili linahusiana na vipokezi vya seli, yaani protini zinazopokea ujumbe wa homoni, ambavyo tunafundishwa darasani?

Mwalimu wa bayolojia:
Linahusiana, ndugu. Insulini ni protini ndogo ya asidi amino 51, na ukiimeza, vimeng'enya vya tumboni vitaikatakata kama vinavyokatakata protini ya maharage. Homoni za vidonge vya dada yako ni steroidi, jamii ya zile ambazo mwili huziunda kutokana na kolesteroli. Hazimeng'enywi hivyo, na zimebadilishwa kidogo kiwandani ili ini lisiziharibu upesi.

Sasa tazama seli. Utando wake ni wa mafuta, kwa hiyo steroidi, ambayo huyeyuka katika mafuta, hupenya na kukutana na kipokezi chake humo ndani, kisha viwili hivyo hushikamana na DNA na kuamua jeni zipi zifanye kazi, shughuli inayoweza kuchukua saa kadhaa au hata siku. Insulini haipenyi. Hukamatwa nje na kipokezi kilichopita katikati ya utando, na sehemu ya ndani ya kipokezi hicho huanza kupachika fosfati (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye protini za jirani, ujumbe ukapokezanwa hadi vibeba sukari vihamie kwenye utando wa seli za misuli na za mafuta. Hayo hutokea ndani ya dakika chache.

Mfamasia:
Naomba kuongeza tahadhari, maana wanafunzi wengi hukosea hapa: asili ya homoni pekee haitoshi kukuambia kipokezi kiko wapi. Adrenalini na thairoksini (homoni ya tezi ya shingoni) zote mbili hutokana na asidi amino moja, tairosini. Hata hivyo adrenalini hubaki nje ya seli na kuamsha mjumbe wa pili, yaani kemikali inayopokea ujumbe na kuusambaza ndani ya seli; huyo huitwa AMP ya mzunguko, ambayo uchunguzi wake ulimpatia mwanasayansi Earl Sutherland Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Thairoksini huingizwa na protini za usafirishaji, na kipokezi chake kimo katika kiini cha seli. Nayo humezwa kama kidonge.

Mwanafunzi wa uuguzi:
Nashukuru sana. Je, vipokezi vya mama vimekufa?

Mfamasia:
Hapana. Kwa kawaida vipo na hushika insulini, ila ujumbe hudhoofika baada ya kipokezi, ndani ya seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa miaka mingi, hatimaye huelemewa, na hapo ndipo sindano huhitajika. Mweleze hivyo, kwa kuwa wagonjwa wengi hudhani wameanzishiwa sindano kwa sababu ya uzembe wao.