Nauza rimu za WRX, 17x8, 5x100: na matairi au bila?

Muulizaji:
Wakuu, habari za jioni. Nina rimu 4 za Enkei RPF1, 17x8 (kipenyo inchi 17, upana 8), ofseti +45 (sehemu ya kufungia iko milimita 45 nje ya mstari wa kati wa rimu), 5x100 (bolti 5 kwenye duara la milimita 100), zilizokuwa kwenye Subaru Impreza WRX ya 2004. Tatu nzima, ya nne imejikunja kidogo ukingo wa ndani. Matairi ni 215/45R17, kashata milimita 3. Niuze pamoja? Na zinaingia gari gani nyingine?

Mchangiaji 1:
Mkuu, wateja wako si wa WRX peke yao. Forester hadi ya 2018, BRZ, Toyota 86, hata Toyota Allion na Premio za kizazi cha T260 ni 5x100. WRX STI (ile kali zaidi) za kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3, hizo waambie mapema wasipoteze nauli.

Shida iko kwenye tundu la katikati. RPF1 ina milimita 73, hab (kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo) ya Subaru ni 56.1, ya Allion ni 54.1. Kama una zile ringi za kujazia, taja ni za 56.1. Mwenye Allion akizitumia, rimu haitakaa katikati na usukani utatetemeka.

Nati pia. Subaru na Toyota 86 ni 12x1.25, Allion na Premio ni 12x1.5. Ukimpa mtu wa Allion nati zako akazilazimisha kwa mashine ya upepo, anaharibu meno ya bolti. Na zile nati za Toyota zenye washa bapa hazifai hapa, RPF1 inataka za koni.

Mchangiaji 2:
Matairi yatenge, yapangie bei yake. Mwenye Forester ya matairi 215/60R16 hayamfai kabisa: gari litashuka karibu sentimita 2 na spidi mita itasoma juu kwa takriban asilimia 6. Soma pia tarakimu 4 za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni mwa tairi, ujue lilitengenezwa lini. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019.

Muulizaji:
Asante sana. Hiyo iliyojikunja niinyooshe kwanza?

Mchangiaji 3:
Ipime kwanza, ndugu yangu. Ioshe, itoe gundi ya risasi za balansi, mulika tochi ukingo wa ndani na nyuma ya spoku. Kabla ya kutoa tairi, ijaze upepo, paka maji ya sabuni kwenye mkunjo. Mapovu yakitoka, kuna ufa au tairi halijakaa vizuri. Kisha izungushwe kwenye mashine ya balansi uone inavyocheza.

Ikiwa na ufa, usiichomelee ukamuuzia mtu. Uza tatu, hiyo ipeleke chakavu. Kama ni mkunjo tu, muachie mnunuzi aamue, maana fundi akiichoma moto kupita kiasi aloi inalegea, na kwa macho huwezi kujua.

Picha ya mkunjo iweke kwenye tangazo, pamoja na maandishi ya nyuma: 17x8J, ofseti, JWL (alama ya viwango vya Japani vya rimu za aloi). Feki ni nyingi, wanunuzi wataomba hiyo picha kwanza. Pesa ya simu ithibitishe kwa kuangalia salio lako mwenyewe, usitegemee meseji, ndipo ukabidhi rimu.

Zikienda kwa basi, weka kadibodi nene katikati ya kila mbili na usizigusanishe uso kwa uso.